Wazazi mliopanda kruzi na watoto: hizi klabu za watoto mnawaachia kwa amani kweli?

MamaZai
Wakuu habari zenu. Sisi tunaishi Houston, na Galveston ni kama saa moja hivi kwa gari, ndo bandari ambayo nusu ya wazazi wa shuleni kwa wanangu wanapandia meli kila likizo. Mwaka huu na sisi tumeshalipia, safari ya wiki, baba watoto ndo kimbelembele maana kaona tangazo la bafe masaa yote. Mimi kinachonikaba sio bafe. Nina wa miaka 4, wa 8, na binti wa 13, na kila nikifungua ratiba ya meli naona klabu ya watoto kuanzia asubuhi mpaka saa nne usiku, bure, picha za watoto wamevaa kofia za maharamia wanacheka, na kila mtu ananiambia utapumzika dada. Sawa ntapumzika, ila wanaobaki na wanangu ni akina nani? Nani kawakagua? Mtu akija akasema mimi ni anko wake anakabidhiwa mtoto? Na likitokea la kutokea katikati ya maji polisi ni nani? Naomba waliopanda na watoto au waliofanya kazi humo ndani. Wale wa "sisi tulikua bila hizo klabu" naombeni mpite kimya kimya.

mzee_wa_Kigamboni
Dada katikati ya bahari mtoto atatoroka aende wapi 😀 nyie wa Marekani mnajua kujitafutia presha.

BabaPacha
@mzee_wa_Kigamboni acha utani mkuu, zile meli kubwa kabisa zinabeba abiria zaidi ya 6,000 na wafanyakazi 2,000 na ushee, huo sio mtumbwi ni tarafa nzima inaelea, ina lifti, baa, kasino na korido ndefu ambazo hata mtu mzima anapotea akitafuta chumba chake.

@MamaZai ngoja nikueleze jinsi inavyoenda, sisi tumepanda na pacha wetu na kampuni tofauti tofauti. Kwanza umri. Carnival wanachukua kuanzia miaka 2 mpaka 11 kwenye kitu wanaita Camp Ocean, na wale wadogo hata pampasi wanawabadilisha. Royal Caribbean na Disney kuanzia miaka 3, na mtoto lazima awe anajua choo, pampasi hapana, akijichafua unapigiwa simu uje mwenyewe. Chini ya hapo kuna vyumba vya watoto wachanga unalipia kwa saa na nafasi ni chache zinaisha mapema. Huyo wako wa 4 na wa 8 hawatakaa chumba kimoja, wanagawanywa kwa umri, kwahiyo usitegemee kaka atamwangalia mdogo wake.

Pili kukabidhi. Siku ya kwanza mnaenda wote mnajiandikisha, unataja mzio, dawa, tabia za mtoto, na unaandika majina ya watu wanaoruhusiwa kumchukua. Nje ya hao hata awe babu yake mzaa baba anarudishwa. Kuna wanaotumia neno la siri, kuna wanaotazama kadi yako ya meli na picha inatokea kwenye skrini. Disney mtoto anavaa bangili yenye kihisio, akisogelea mlango wa kutokea inawaambia wafanyakazi. Mlango wenyewe mmoja, na dawati liko hapo hapo. Mimi niliwahi kusahau kadi chumbani nikazungushwa pale mlangoni mpaka nikakasirika, mke wangu akaniambia we nyamaza, hicho ndo tulichokilipia.

BintiChake
Mimi sitaki kuwa mkorofi ila naona tunaanza kusifia milango na bangili. Mtu mbaya haingii kwa mlango wa nyuma, anaajiriwa. Mwaka 2024 kuna mhudumu wa vyumba kwenye Symphony of the Seas alikamatwa bandarini Florida, alikua anaficha kamera kwenye bafu za abiria anarekodi watoto wa kike, mahakama ikampa miaka 30. Huyo nae alikua na sare na tabasamu na anakukunjia taulo kwa umbo la tembo.

Likoni Boy
@BintiChake umesema kweli tupu lakini angalia ulichosema, huyo alikua mhudumu wa VYUMBA. Hakua klabuni. Mimi nimefanya kazi meli hizi, idara ya vyumba na baadaye mgahawani, kampuni siitaji, na nitawaambia vile mambo yako huko chini tunakolala sisi.

Kupata kazi, kwetu Kenya lazima uwe na cheti cha tabia njema cha DCI, yaani polisi wa upelelezi, cheti cha afya ya baharini, mafunzo ya usalama ya msingi, halafu kama meli inaingia Marekani unaomba viza ya mabaharia, C1/D, pale ubalozini na wanakuhoji. Siku hizi vijana wengi wa Mombasa wanapitia Bandari Maritime Academy. Sasa mjue cheti cha polisi kinaonyesha tu aliyewahi kukamatwa. Mtu ambaye hajashikwa cheti chake ni kisafi kama cha imamu. Kwahiyo ukaguzi wa karatasi upo, lakini usiutegemee peke yake, na kampuni zenye akili haziutegemei peke yake, ndio mana klabuni kuna sheria za vile chumba kinaendeshwa.

Zile sheria: wafanyakazi wa watoto ni idara yao pekee, wengi wamesomea ualimu au malezi. Mimi wa vyumba siingii klabuni watoto wakiwa ndani, hata kuzoa taka inangoja. Mtu mmoja haachwi peke yake na mtoto. Chooni mtoto anaingia mwenyewe, mfanyakazi hamfuati kumpangusa, ndio ile sababu ya kukataa pampasi ambayo wazazi hulalamika kila safari. Kamera ziko juu. Kuhesabu vichwa kila mara, haswa wakihama kutoka chumba kwenda kingine. Na kwa meli nzima, mfanyakazi akipatikana kwenye chumba cha abiria bila kazi, au anachati na mtoto wa abiria, huyo anashushwa bandari inayofuata, hajadiliwi. Nimeona mtu ameshushwa na begi lake asubuhi na hakuna aliyemuaga.

Hapo klabuni, ukiniuliza mimi, ndipo mahali mtoto anaangaliwa na macho mengi zaidi kwenye meli yote. Kule kwingine ndio mngeuliza.

MamaZai
@Likoni Boy asante sana kaka, hilo la mwisho limenishtua, kule kwingine wapi?

Likoni Boy
Kidimbwi. Balkoni. Korido usiku. Na huyo wa miaka 13.

BabaPacha
Ngoja nianze na kidimbwi maana hili liliniuma. Watu wanadhani kila bwawa la meli lina mwokoaji kama la hotelini. Hapana! Kwa miaka mingi kampuni zilikua zinaweka kibao tu, "ogelea kwa hatari yako". Disney walianza kuweka waokozi baada ya mtoto wa miaka 4 kunusurika kuzama kwenye Disney Fantasy mwaka 2013, Royal Caribbean wakatangaza waokozi kwenye mabwawa ya meli zao 2017, Norwegian nao wakafuata kwenye mabwawa ya familia ya meli kubwa. Wengine mpaka leo ni kibao tu. Sasa angalia saa ngapi watoto wanakuwepo bwawani, ni ile katikati ya klabu na chakula, mtoto ametoka, mzazi kashika sahani na simu, kila mmoja anadhani mwenzake anatazama. Bwawa dogo, watu wamejazana, muziki juu, mtoto anazama kimya.

BintiChake
Na balkoni. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 ya usalama wa abiria melini ndo ilisema vizuizi viwe na urefu wa inchi 42 au zaidi, kama sentimita 107, na milango ya vyumba iwe na tundu la kuchungulia. Sentimita 107 ni nzuri kama mtoto kasimama chini. Ukimwekea kiti pembeni urefu huo hauna kazi. Juni 2025 binti wa miaka 5 alianguka baharini kutoka Disney Dream, baba yake akamrukia, wakaokolewa wote wawili Mungu saidia, na kwa maelezo ya polisi wa Florida alikua amekaa kwenye kizuizi apigwe picha. Mwaka 2019 pale San Juan mtoto wa mwaka mmoja na nusu alianguka kutoka dirisha lililokua wazi kwenye Freedom of the Seas, alikua mikononi mwa babu yake, na babu akakiri kosa mahakamani. Hawa wote walikua na wazazi na ndugu zao, hamna hata mmoja alikua klabuni. Naudhika kukubaliana na Likoni Boy ila ndo ukweli.

Likoni Boy
😂 pole dadangu. Kama una balkoni na mtoto wa 4, mwite mhudumu wa chumba siku ya kwanza, mwambie viti vya nje vitolewe. Tunavitoa, hatuulizi kwanini.

SautiYaUgenini
Mimi niko Toronto, nina matineja wawili, naona hapa mmeruka swali gumu kabisa. Wadogo wanasainiwa kuingia na kutoka. Matineja HAWASAINIWI. Carnival wana klabu ya 12 mpaka 14 na nyingine ya 15 mpaka 17, na kwingine ni hivyo hivyo kwa majina tofauti, mtoto anaingia na kutoka atakavyo. Akitoka na rafiki aliyempata jana hakuna mtu anakupigia. Wafanyakazi wako pale kuendesha michezo na disko, hawako pale kumlinda, na hata kwenye fomu wanakuandikia hivyo ukisoma, shida hatusomi, tunabofya "nakubali" tukakimbilia kwenye supu.

Na kuna la umri wa kati ambalo hata mimi lilinipita mpaka rafiki akanieleza. Kampuni nyingi kuanzia miaka 8 au 9 hivi wanakuuliza kama unamruhusu mtoto kujisaini mwenyewe kutoka klabuni. Mzazi anaona ni heshima kwa mtoto, mkubwa sasa, anaweka tiki. Umeshamuachia mtoto wa miaka 9 meli ya deki 15 na funguo ya chumba shingoni. MamaZai huyo wako wa 8 muulizie hapo hapo, na jibu liwe hapana.

BintiChake
@SautiYaUgenini umegusa penyewe. Mwaka 2013 Seneta Jay Rockefeller wa Marekani alitoa ripoti akitumia taarifa za kampuni kubwa za meli wenyewe, ikaonekana karibu theluthi ya tuhuma za kushambuliwa kingono zilihusu wahanga walio chini ya miaka 18. Theluthi! Wakati mpaka hapo kampuni zilikua hazilazimiki kutangaza kuwa mhanga ni mtoto. Siku hizi wizara ya uchukuzi ya Marekani inachapisha hesabu za tuhuma kila robo mwaka, kampuni kwa kampuni, mtu yeyote anaweza kufungua akasoma, na inaonyesha pia kama mtuhumiwa ni abiria au mfanyakazi. Soma uone, abiria ni wengi humo. Sisi tunamuogopa Mfilipino wa watu anayetandika kitanda, wakati huyu kijana wa chumba cha jirani mwenye chupa ya vodka iliyofichwa kwenye chupa ya mouthwash hatumuangalii.

mzee_wa_Kigamboni
Hapo nimenyamaza. Na polisi? Dada aliuliza polisi ni nani.

BintiChake
Mzee swali zuri kwa mara ya kwanza leo 😀 Meli nyingi zina bendera ya Bahamas, Panama, Bermuda au Malta, hata kama mwenye meli yuko Miami. Ikiwa bahari kuu sheria ya bendera ndo inashika. Mwaka 2011 binti wa Kiingereza aliyekua anafanya kazi klabu ya watoto kwenye Disney Wonder alipotea baharini, bendera ya Bahamas, basi akatumwa askari mpelelezi mmoja kutoka Bahamas kuchunguza meli nzima. Mmoja. Ila safari ikianza au kuishia Marekani na mhanga au mtuhumiwa ni raia wa Marekani, FBI wana mamlaka, na ile sheria ya 2010 inailazimisha kampuni kuwaarifu makosa makubwa. Kwahiyo MamaZai wewe wa Galveston una afadhali kuliko mtu anayepanda Dubai au Durban. Likitokea jambo usiishie kwa ofisi ya wageni ya meli, walinzi wa meli wanalipwa na meli. Mwenyewe piga FBI, usioshe nguo za mtoto, sheria inawataka wawe na vifaa vya kuchukua ushahidi na mtu wa afya aliyefundishwa, viulizie.

MamaZai
Jamani mnanipa homa na hapo hapo mnanitibu. Sasa binti wa 13 nimzuie kabisa? Nikimfungia chumbani na sisi atanichukia mpaka harusi yake.

SautiYaUgenini
Usimzuie, mpe mipaka ambayo unaweza kuifuatilia. Sisi wetu wanakwenda kwenye klabu, wanaipenda, ila sheria ya nyumbani ni kwamba hakuna kuingia chumba cha mtu yeyote na hakuna mtu kuingia chetu, awe mvulana awe msichana, hata "kuchukua sweta tu". Hiyo peke yake inakata mengi, manake mambo mabaya yanatokea kwenye vyumba, deki ina watu wakati wote. Nyingine ni kuhamisha mahali, akitoka sehemu moja kwenda nyingine anatuma ujumbe kwenye apu ya meli, ni pesa kidogo kwa safari nzima au bure kwa baadhi yao, mnalipia nyote. Ngazi za wafanyakazi asizikanyage. Pombe asipokee kinywaji ambacho hakukiona kikimiminwa. Na saa ya kurudi iwe ya kwenu, usitegemee ya meli, sababu kwa meli nyingi ni saa saba usiku na ikifika hiyo hakuna anayewapeleka vyumbani, wanatawanyika tu.

Afu mwanangu alituuliza, kama mtu mkubwa mwenye sare akiniambia twende huku? Nikamwambia unasema mama ananiita, unaondoka, adabu tutaomba baadae. Sisi tumefundishwa kumtii kila mkubwa, mtoto wa Kiswahili anasema shikamoo mpaka kwa mwizi, hilo tulikaa tukaongea nae mapema kabla ya kupanda.

Likoni Boy
Hilo la shikamoo limenichoma, lakini ni kweli.

Mnisikize na moto sasa, nyote mmesahau. Kengele ya dharura ni milio mifupi saba na mmoja mrefu. Ikilia na mtoto yuko klabuni, wewe uko deki ya 14, unakwenda wapi? Kila mzazi atasema nakimbilia klabuni, mbio, kinyume na watu elfu wanaoshuka. Tangu ajali ya Costa Concordia mwaka 2012 sheria ilibadilishwa, zoezi la kukusanyika lifanywe kabla meli kung'oa nanga au mara tu ikitoka, kwahiyo uliza siku hiyo hiyo, kwa sauti, pale dawati la klabu: kengele ikilia mtoto mnamleta kituo changu cha kukusanyikia au mimi namfuata? Kampuni zatofautiana. Ndio mana bangili ya mtoto huandikwa herufi au namba ya kituo chenu, mfanyakazi yeyote akimkuta anajua ampeleke wapi. Asiivue hata akioga. Na muulizie jaketi ya kuokolea ya mtoto, sheria ya kimataifa inataka jaketi za watoto zisipungue asilimia 10 ya abiria au zaidi ikiwa watoto ni wengi, kila mtoto apate yake. Ya mkubwa kwa mtoto wa miaka 4 itampanda kichwani. Ukiingia chumbani ukakuta jaketi za wakubwa tu, mwambie mhudumu alete za watoto kabla hujafungua mabegi.

mzee_wa_Kigamboni
Sie huku tunapanda boti ya Unguja na mtoto mapajani, jaketi zimefungwa juu na kamba. Baada ya meli ya Spice Islander kuzama 2011 ungedhani tungejifunza kuuliza za watoto ziko wapi. Ntaanza kuuliza mimi, na watanicheka.

MkungaWaDiaspora
Nimechelewa ila niongeze la afya, mimi ni nesi. Klabu ndo sehemu mtoto anapotoka na ugonjwa wa kutapika. Norovirus, kirusi cha kutapika na kuharisha, inashika vitu, midoli, vishikio, na sanitaiza ya mkononi haiiwezi vizuri, maji na sabuni ndo yanaisafisha. CDC, wale wa kudhibiti magonjwa Marekani, wana kitengo kinachokagua meli zinazoingia Marekani bila kuwaarifu, wanapita mpaka klabu za watoto, sehemu za kubadilishia pampasi na masinki ya kunawia, alama ni 100 na ukipata 85 kushuka chini umefeli. Ripoti ziko wazi mtandaoni, andika jina la meli yako usome walikutwa na nini. Na tafadhali mtoto akiharisha USIMPELEKE klabu ukamficha, nawajua wazazi, "alikula tu vibaya jana". Kwa mzio mkali, sindano yake iwe klabuni na mtu aliyeonyeshwa kuitumia, sio kwenye begi lako deki nyingine. Mwenye mtoto wa usonji awasiliane na kampuni kabla ya safari, maana klabu hazina mtu wa mmoja kwa mmoja, wakizidiwa wanakuita umchukue.

BabaPacha
Na siku ya kwanza kuna muda wa wazi, klabu inafunguliwa wazazi waingie watazame. Nenda. Kaa kama nusu saa, usiangalie midoli, angalia kama mfanyakazi anamtazama mtoto aliyejitenga pembeni au anatazama mwenzake wanapiga stori. Muulize wako wangapi kwa watoto wangapi usiku, maana asubuhi wanakuwa wengi, usiku wazazi wote wanakwenda shoo na chumba kinajaa. Akianza kuzunguka zunguka kwenye jibu rudi na mtoto wako mkale pizza.

MamaZai
Nimeandika yote. Baba watoto nimemsomea hapa akasema "sasa tukapumzike saa ngapi", nikamwambia tutabadilishana. Wadogo wataenda klabu asubuhi tu na baada ya chakula cha mchana, usiku tunakuwa nao, wa 8 hajisaini. Mkubwa tutaongea nae leo.

Ila swali la mwisho. Mama mkwe anatoka Tanga anakuja na sisi, na Kiingereza chake ni cha salamu. Nataka na yeye aweze kuwachukua watoto. Inawezekana?

Likoni Boy
Inawezekana kabisa. Mpeleke siku ya kuandikisha apigwe picha, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Akifika anaonyesha kadi yake. Hahitaji Kiingereza, anahitaji kadi na lile neno la siri kama kampuni yenu inalitumia.

MamaZai
Neno la siri 😂😂 kaka humjui mama mkwe. Huyo akiambiwa siri saa mbili, saa tatu meza nzima ya bafe inaijua, na Tanga wameshapigiwa simu. Namwandikisha kwa picha tu.